Ofisi ya kompyuta 11 pale Kirumba, bakapu tuweke programu gani ya bure?

Swali la leo limetoka kwa kijana mmoja wa hapa hapa mjini Mwanza, naliweka kama lilivyo nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo kaka. Mimi ndo naangalia kompyuta kwenye saccos ya wafanyabiashara wa dagaa, ofisi iko Kirumba karibu na Mwaloni. Tuna mashine 11, tisa desktopu za Windows, moja laptopu ya meneja nayo Windows, na moja ina Linux ndo imebeba mfumo wa mikopo uko kwenye MySQL. Bakapu kila mtu anafanya mwenyewe kwa fleshi. Wiki mbili zilizopita diski ya mhasibu imekufa, kuangalia fleshi yake kazi za mwisho ni za mwezi wa nne. Bodi wamesema pesa ya leseni haipo ila kompyuta ya mtumba na diski wanaweza kununua. Nansio tuna chumba kidogo cha kupokelea marejesho, intaneti ni ya bando. Nimesoma kuhusu Bacula, BackupPC na UrBackup nimechanganyikiwa kabisa, nichukue ipi na nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mpe pole na mhasibu maana najua siku hizi anaingiza risiti upya moja moja kutoka kwenye mafaili ya karatasi na macho yanamuuma. Kabla ya yote, ile diski iliyokufa usiitupe na usiendelee kuiwasha washa kujaribu bahati. Kama inagonga kok kok, zima iache hivyo hivyo, hiyo ni ya fundi mwenye vifaa. Kama inazunguka kimya ila Windows inaganda ukiifungua, ichomeke kwenye mashine ya Linux utumie ddrescue, ni ya bure, yenyewe inakimbia kwanza kuchukua sehemu nzima za diski afu ndo inarudi taratibu kwenye sehemu mbovu, na unafanya kazi kwenye nakala siyo kwenye diski yenyewe. Nimeshaokoa diski mbili tatu hivyo. Jaribu kabla mhasibu hajamaliza kuingiza hizo risiti.

Sasa jibu la swali lako ni UrBackup. Kwa ofisi yako na mashine zako, hiyo. Ila naomba usome mpaka mwisho kwa sababu nikikwambia jina tu utainstoli Ijumaa, utaona kijani kwenye skrini, utaenda zako nyumbani ukijua kazi imeisha, na kazi itakuwa haijaanza.

Nianzie kwenye hizi fleshi. Watu wako sio wazembe, hilo nataka uwaambie na bodi. Dada wa dirishani kuanzia saa mbili asubuhi ana foleni ya wanachama, mwingine ameleta rejesho ana haraka mzigo wake uko juani pale Mwaloni, mwingine anabishana salio, ikifika saa kumi na moja anafunga droo anahesabu pesa anasaini anawahi daladala ya Igoma kabla watu hawajajaa, we unategemea saa ngapi akumbuke fleshi? Bakapu inayotegemea mtu akumbuke itafanyika wiki ya kwanza, ya pili, ikifika mwezi basi tena. Kwa hiyo chochote utakachochagua, masharti yangu ni kwamba sava ndo iende kuchukua kwenye kila mashine yenyewe, kwa ratiba yake, mfanyakazi asijue hata kama imepita. Na ikishindwa kuchukua ikwambie wewe.

Hizo programu ulizotaja zote zinatimiza sharti hilo, na zote ni chanzo huria, hulipi leseni ya kompyuta 11 wala ya 110. Tofauti yake iko kwenye mtu aliyetengeneza alikuwa anamfikiria nani. Bacula ilianzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000, imegawanyika vipande, kuna Director anayetoa amri, kuna Storage anayetunza diski au tepu, kuna File Daemon anayekaa kwenye kila mashine, na vyote unavipangia kwa mafaili ya maandishi marefu. Ni programu ya watu wenye chumba cha sava na maktaba ya tepu. Bareos ni tawi lililotoka kwa Bacula, tabia ni ile ile. Kuna na Amanda ya zamani zaidi kutoka Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, hiyo nayo mawazo yake ni ya tepu. Sizipondi hata kidogo, ila wewe uko peke yako na una kazi nyingine za ofisi, siku ukiwa likizo kwenu hakuna mtu atakayefungua yale mafaili akaelewa. Tuziache hizo.

BackupPC ndo ilinipa wakati mgumu kuchagua maana naipenda na nimeitumia miaka. Ya Craig Barratt, imeandikwa kwa Perl, unaiendesha kwenye brauza. Uzuri wake mkubwa haiweki programu yoyote maalum kwenye kompyuta za watu, inaingia kwa njia ambazo tayari zipo, kwenye Linux inatumia rsync au tar, zana za kukopi mafaili, kwenye Windows inapita kwenye folda za kushea za SMB, ile njia ya Windows ya kushea mafaili kwenye mtandao. Uzuri wa pili ni ule wa kuchanganya mafaili yanayofanana, yaani ile fomu yenu ya mkopo ambayo najua ipo kwenye mashine zote tisa, kila mtu ameikopi kwake, BackupPC inaitunza mara moja tu kwenye diski halafu inaandika kumbukumbu kwamba ipo kwa huyu na huyu na huyu. Na kuna kaakili kamewekwa ndani nakapenda sana: mashine ambayo inaonekana kwenye mtandao muda wote haiguswi saa za kazi, inasubiri jioni, lakini laptopu inayokuja na kuondoka ikionekana tu inachukuliwa hapo hapo hata kama ni saa nne asubuhi, kwa sababu jioni haitakuwepo. Aliyefikiria hilo alishakaa ofisini na watu.

Sasa kwa nini nakunyima hiyo? Sababu mbili. Ya kwanza hiyo jioni yenyewe. BackupPC ukiiacha na mipangilio yake ya kuzaliwa inakwepa saa za kazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa moja na nusu usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, ikitegemea kompyuta zinabaki zimewashwa. Ofisi zetu saa kumi na moja mtu anazima, anazima na swichi ya ukutani, na mlinzi akipita anazima na ya barabarani. Unaweza kubadilisha ratiba ndio, ila ya pili haibadiliki kirahisi: kwa Windows kupitia SMB faili lililofunguliwa linaleta shida, na faili la mhasibu liko wazi kutoka asubuhi mpaka jioni, ndo faili unalolitaka kuliko yote. Na isitoshe inakulazimu ushee diski za mashine zote kwenye mtandao, jambo ambalo nitakueleza hapo chini kwa nini silitaki kabisa.

UrBackup ya Martin Raiber, Mjerumani, inaweka kiprogramu kidogo kwenye kila kompyuta. Hicho kiprogramu kinaomba Windows itengeneze picha ya diski ilivyo kwa sekunde ile, Windows ina huduma yake ya hilo inaitwa Volume Shadow Copy, halafu kinasoma kwenye ile picha wakati mhasibu anaendelea kuandika wala hajui. Faili lililo wazi linachukuliwa. Pia inachukua vitu viwili tofauti, mafaili peke yake, na imeji nzima ya diski ya C yenye Windows na programu zote na printa na kila kitu. Hiyo ya pili ndo ingekuokoa wiki mbili zilizopita: unaweka diski mpya, unawasha kwa fleshi ya kurudishia ambayo wao wenyewe wanaitoa, unachagua jina la kompyuta na tarehe, unakaa unasubiri.

Na kuna jambo moja dogo ndo lilinifanya niamue kabisa. UrBackup mafaili inayatunza kama mafaili, folda lina jina la kompyuta, ndani yake folda za tarehe na saa, ndani yake kazi za watu kwa majina yale yale. Siku sava imekufa, programu yenyewe haipo, we haupo, mtu yeyote anachomoa ile diski anaichomeka kwenye mashine ya Linux anaona MHASIBU, anaona tarehe ya jana, anafungua. BackupPC inayatunza kwa mtindo wake wa kubana na majina yake, bila zana zake utaona takataka tu. Kwa saccos yenye pesa za watu mimi nataka ile ambayo hata mtu asiyejua jina la programu anaweza kuokota kazi yake humo.

Haya tuje kwenye hizo folda za kushea. Kuna ofisi moja niliitwa hapa mjini miaka ya nyuma, siitaji, walikuwa na bakapu nzuri tu kwa macho, kila jioni skripti inakopi kila kitu kwenda kwenye diski ya sava ambayo kwenye kila kompyuta inaonekana kama Z. Mtu mmoja akafungua kiambatanisho kwenye barua pepe, kirusi kikaanza kufunga mafaili yasisomeke, kikamaliza C kikaenda D kikaikuta Z iko wazi inaandikika kikaifunga nayo, pamoja na bakapu za mwaka mzima. Nilifika saa tano asubuhi, nikafungua folda moja nikakuta kila faili limeongezewa mkia wa herufi nisizozijua mwisho wa jina, nikafungua la pili hivyo hivyo, nikamwangalia yule mama msimamizi wao amesimama nyuma ya kiti changu ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, sikuwa na cha kumwambia. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa dunia nzima kwa kupita kwenye hiyo hiyo SMB ya zamani. Kwa hiyo kanuni yangu tangu siku ile, sava ya bakapu haishei folda lolote. Hakuna Z. Kompyuta ya mfanyakazi isiwe na mlango wa kuandika kwenye ile diski, sava ndo inakuja kuchukua inaondoka. Kirusi kikiingia kitaharibu mashine, na bakapu inayofuata itachukua yale yaliyoharibika ndio, lakini ya jana na ya juzi zitakuwepo hazijaguswa, ndo maana usiweke nakala moja tu ya mwisho, ruhusu itunze za mwezi mzima nyuma angalau.

Vifaa. Mashine ya mtumba desktopu yoyote nzima, RAM giga 8 inatosha kabisa, usinunue laptopu. Diski mbili za terabaiti 4 mpya, hapo usininunulie mtumba, ziunganishe ziwe zinaandika kitu kile kile ili moja ikifa nyingine inaendelea. Nakusihi bodi wasikwambie sasa diski ziko mbili basi bakapu tunazo mbili, mtu akifuta faili linafutika kwenye zote mbili sekunde ile ile. Weka Debian, ni aina ya Linux ya bure, weka sava ya UrBackup, fungua brauza kwenye anwani ya hiyo mashine mlango 55414. Na kitu cha kwanza kabisa kabla hujaangalia chochote tengeneza yuza wa admini mwenye paswedi, kwa sababu ikiwa mpya inafunguka kwa kila mtu bila paswedi, na ofisini kwenu kuna Wi-Fi ambayo najua wanachama wanaipata.

Kwenye mashine za Windows unainstoli klayenti, yaani kile kiprogramu kidogo cha UrBackup, ikiwa kwenye mtandao ule ule inajulikana na sava yenyewe baada ya muda mfupi, jina linatokea kwenye orodha. Ratiba yake ya kuzaliwa ni mafaili yaliyobadilika kila baada ya saa 5 na bakapu kamili ya mafaili kila siku 30, imeji siku 7 kwa yale mabadiliko na siku 60 kwa kamili. Kwa ofisi inayofunguliwa saa mbili mpaka kumi na moja ile ya saa 5 nimeona ni ndefu, weka 3, mtu akipoteza anapoteza kazi ya asubuhi sio ya siku nzima. Imeji ipange Jumamosi, muombe meneja mashine ziachwe zimewashwa Jumamosi mchana uwepo mwenyewe. Zisianze zote 10 siku moja, anza na ya mhasibu, kesho yake mbili, hivyo hivyo.

Kabla ya hapo lakini nenda kaangalie swichi yako, na hapa naomba unielewe vizuri maana watu wengi wanalaumu programu kumbe tatizo waya. Lala chini ya meza uangalie taa za kwenye swichi, kila tundu lina taa, swichi nyingi taa ya kijani ni spidi ya giga na ya njano ni mia, kwenye yako soma maandishi yake pembeni. Ukikuta nyingi ziko kwenye mia wakati swichi ni ya giga, chukua waya mmoja tazama kichwa chake kile cha plastiki kwa mwanga, hesabu nyuzi zilizofika mbele kwenye shaba. Nimekuta ofisi nyingi hapa fundi kakrimpu nyuzi nne tu badala ya nane, ili waya mmoja autumie kwa kompyuta mbili. Nyuzi nne zinafanya kazi, intaneti inakuja, hakuna anayelalamika, ila giga haitakuja kamwe kwa sababu giga inataka nyuzi zote nane. Sasa piga hesabu: spidi ya mia kwa ukweli inakupa megabaiti kama 11 kwa sekunde, kompyuta yenye giga 120 zilizotumika ni saa tatu na kidogo, zidisha kwa mashine kumi. Ukikrimpu upya kwa nyuzi nane kinachokuchelewesha kinabaki kuwa diski yenyewe. Kichwa kimoja ni shilingi mia chache. Anzia hapo kabla ya kununua chochote, na ukishakrimpu jaribu kila waya na testa, usiamini macho.

Ile database ya MySQL, yaani mfumo wenu wa mikopo, usiichukue kama unavyochukua mafaili mengine. Ukikopi mafaili ya database wakati dada wa dirishani anaingiza rejesho, unapata nusu ya kitabu kimeandikwa na nusu bado, siku ya kurudisha itagoma au mbaya zaidi itakubali na salio za watu zitakuwa hazikai sawa. Andika skripti fupi ya mysqldump, amri inayomwaga database yote kwenye faili, yenye --single-transaction, kama meza zenu ni za aina ya InnoDB hiyo inachukua database ilivyo kwa wakati mmoja bila kuwafungia watu wa dirishani, iweke kwenye cron, ile ratiba ya Linux ya kuendesha kazi zenyewe, saa saba mchana na saa kumi na moja na nusu jioni, itupe faili kwenye folda moja, halafu klayenti ya UrBackup ya Linux ichukue folda hilo. Hilo faili usilibane na gzip, ile programu ya kubana mafaili. Nitakueleza sababu tukifika Nansio.

Umeme. Sina haja ya kukuelezea umeme wewe uko Kirumba. Ukikatika katikati ya bakapu UrBackup ya mafaili inaendelea ilipoishia, hilo lisikutishe. Kinachonitisha mimi ni unavyorudi, na radi. Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa tunajua, usiku wa manane mawingu yanajengeka huko katikati ya maji, unaona mwanga upande wa Ukerewe kimya kimya, alfajiri limefika. Kuna duka moja la vifaa vya ujenzi huko Igoma nilimwekea mzee mmoja bakapu ya eksteno, yaani diski ya nje, nikamwambia achomoe akimaliza. Asubuhi moja akanipigia, radi imepita kwenye waya wa umeme ikaua kompyuta, ikaua rauta, na ile eksteno ilikuwa bado imechomekwa nyuma, nayo ikafa. Nilifika nikainusa ile eksteno ikawa inanuka plastiki iliyoungua. Nilikosa mimi, nilitakiwa nimpe mbili sio moja. Kwa hiyo sava yako iwe kwenye UPS, uweke na programu inaitwa NUT, nayo ya bure, inaongea na UPS kwa waya wa USB na betri ikikaribia kuisha inaizima sava kwa adabu. Nakala ya pili haiguswi na waya wowote.

Hiyo nakala ya pili ni eksteno mbili. Moja iko ofisini kabatini, nyingine iko nyumbani kwa mtu aliyeteuliwa na bodi, nyumba iwe mbali na ofisi, sio Kirumba hiyo hiyo. Kila Ijumaa unachomeka ya kabatini, unakopi za karibuni, unachomoa, Jumatatu zinabadilishana. Zifungwe na LUKS, hiyo ipo ndani ya Linux tayari, bila neno la siri ni chuma tu. Hili sio la hiari kwako, ndani ya hizo diski kuna majina, namba za NIDA, namba za simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, saccos inawajibika nazo. Mtu akiporwa begi kwenye daladala lenye diski isiyofungwa ni balaa kwa wanachama kabla hata hujafika kwenye sheria.

Nansio sasa, kule Ukerewe. Bando haliwezi kubeba imeji, usijaribu hata. Kinachoenda Nansio ni dampu ya MySQL, lile faili la mysqldump, na folda za nyaraka basi. Tumia restic, inafunga kila kitu kwa neno la siri kabla hakijatoka ofisini, na inakata mafaili vipande vipande, kipande ambacho kishafika haikitumi tena. Ndo maana nikasema usibane dampu kwa gzip, ukibana mabadiliko ya wanachama watatu yanageuza sehemu kubwa ya faili kuwa kitu kipya na restic italituma karibu lote, ukiliacha wazi inatuma vile vipande vilivyobadilika tu na inabana yenyewe, toleo 0.14 na kuendelea linabana. Ile ya kwanza kabisa ndo nzito, hiyo usiitume kwa bando, iweke kwenye diski ipande meli na mtu wenu anayeenda Ukerewe, akifika anaichomeka kwenye kompyuta ya pale. Baada ya hapo kila jioni ni kidogo kidogo.

Sasa lile ambalo nimekuja kulisema tangu mwanzo. Usiniambie bakapu zinafanya kazi mpaka umerudisha. Kijani kwenye skrini maana yake faili limeandikwa, haina maana kwamba database inafunguka au imeji inawaka. Mwaka jana nilimfanyia mteja mmoja jaribio, tukachomoa diski nzima ya kompyuta ya karani wakati inafanya kazi vizuri kabisa tukaiweka pembeni, tukaweka SSD mpya ya giga 240, tukawasha kwa fleshi. Karani amekaa pale pale kwenye kiti chake anaangalia namba zinapanda. Jaribio la kwanza likagoma, diski ya zamani ilikuwa ya giga 500 na mpya ni ndogo, hakukuwa na pa kuweka. Ilibidi tutafute ya 500. Ya pili saa moja na dakika arobaini, Windows ikawaka, kikaragosi cha mwanae kwenye desktopu kipo, Excel ya jana ipo, printa ikatoa karatasi. Lile la diski ndogo tungeligundua siku ya msiba tungelia, tumeligundua siku ya jaribio tukaandika kwenye daftari: diski ya akiba iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani.

Fanya hivyo na wewe, kila mwezi mashine moja kwa zamu. Mafaili mawili matatu unarudisha ukimwuliza mwenye kazi mwenyewe kama ndo yenyewe. MySQL unairudisha kwenye database nyingine yenye jina la majaribio, halafu unamuomba mhasibu alinganishe jumla ya akiba na jumla ya mikopo na ripoti ya siku ile, yeye ndo anajua namba, sio wewe. Imeji mara moja kwa miezi mitatu. Andika tarehe, andika muda uliotumika, andika kilichogoma. Na kwenye UrBackup weka ripoti ije kwa barua pepe, mashine ikipita siku saba haijachukuliwa ufuatilie siku hiyo hiyo, mara nyingi utakuta mtu kahamisha meza kachomoa waya.

La mwisho hukuliuliza ila litakuja. Neno la siri la LUKS na la restic ukiwa nalo wewe peke yako, siku umeumwa umelazwa Bugando saccos haina bakapu. Yaandike kwa mkono kwenye karatasi mbili, herufi kubwa na ndogo zionekane vizuri, kila moja kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa juu ya gundi, moja kwenye sefu ya ofisi, moja kwa mwenyekiti, na ukiyabadilisha ubadilishe bahasha siku hiyo hiyo. Ukishakagua zile taa za swichi niandikie ni ngapi ziko kwenye mia na kila mashine imetumia giga ngapi, tupange pamoja ipi ianze wiki gani.